Si Mawimbi

Melenaite hakai pale inapokunjuliwa ngatu yenye chapa ya nyumba yao. Iwe harusi, iwe msiba, iwe siku mtoto anapotimiza mwaka, ile nguo ndefu ya magome inaletwa mabegani mwa wanawake, inatandazwa uwanjani, watu wanashangilia, naye huyo kainuka, anakwenda kutazama chakula. Hata kama chakula kimeshaliwa na vyombo vimeshaoshwa, yeye atakwenda kukitazama. Watu wa kijiji chake, Fangakava, wamemzoea. Wako wanaosema ni maringo ya elimu. Wako wanaosema ni uchungu wa bibi yake, haujamtoka. Hawa wa pili wamekaribia, ila nao wamepiga pembeni kidogo.

Siku za kazi yuko Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyetu, chuoni, kwenye chumba ambacho wanafunzi hupeleka kazi zao zitazamwe kabla hazijafika kwa mwalimu. Ni mwanamke wa kawaida kabisa, mnene wa kiasi, mwepesi wa kucheka, mwenye sauti ya pili nzuri kanisani. Wanafunzi wanampenda, lakini wanaliogopa swali lake moja. Ukimletea kazi yenye maneno matamu kuliko umri wako, ataweka kidole juu ya mstari na kukuuliza, "Hapa nani kasema?"

"Mjomba, mama," wanajibu wale wachangamfu, na wenzao wanacheka.

Yeye hapo hacheki. Mjomba ni jina la mtaani la akili mnemba, na wanafunzi wa siku hizi wanadhani wamelikuta tu, kama walivyolikuta embe sokoni. Hawajui kwamba jina hilo lilizaliwa darasani kwake Melenaite, alipokuwa binti wa mwaka wa pili, na kwamba mzazi wake ni yeye mwenyewe.

Kwetu mjomba ni ghala lisilo na kufuli. Mtoto wa dada yake anaingia bila hodi, anafunua sufuria, anachagua kiazi kikuu kinono kuliko vyote, anakamata na kuku akiondoka, na mjomba kazi yake ni kucheka. Haombwi wala hashukuriwi, maana ni haki ya mtoto. Shangazi ndiyo habari nyingine. Dada wa baba akikohoa, unanyamaza. Akisema kaa, unakaa hata kwenye miiba. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayemkatalia shangazi yake, na asiye na akili timamu akimkatalia, basi hapo ndipo tunapojua kweli amepatwa. Katika watu hao wawili, mmoja asiyenyima na mmoja asiyekataliwa, ndimo maisha ya Melenaite yalimobanwa.

Mwaka ule Mwalimu Paea, bwana mmoja mwembamba aliyefundisha habari za mila na historia, aliwapa kazi. Kila mwanafunzi akamtafute mzee wa nyumbani kwake, amsikilize juu ya kitu kimoja anachokijua yeye, aandike. Kuhusu akili mnemba hakuwa mkali. Alisimama mbele ya darasa, akakuna kidevu.

"Itumieni," alisema. "Ikusaidieni kutunga maswali ya kwenda nayo kwa wazee. Ikusaidieni kupanga mlichokirekodi, ikusahihishieni herufi. Mwisho wa kazi niandikieni wapi ilikusaidieni, sitamkata mtu alama. Lakini maneno ya mzee yawe ya mzee. Hiyo mashine haijawahi kuketi mkekani na bibi zenu."

Walipotoka nje Melenaite akamgeukia Losaline, rafiki yake wa chumba kimoja. "Wewe, hii kitu si ndiyo mjomba? Unaingia, unachota, unatoka. Hata asante haitaki."

Losaline alicheka hadi akashika ukuta. Kufikia chakula cha mchana jina lilikuwa limeenea chuo kizima.

Melenaite hakuwa na haja ya kumtafuta mzee. Bibi yake, Bi Kalolaine, mama wa baba yake, alikuwa na chapa ambayo haikuwa na ya pili kisiwani. Ni chelewa za mnazi zilizoshonewa juu ya majani makavu ya mkadi. Unaiweka chini ya nguo, unasugua rangi kwa juu, na michoro inajitokeza. Ya Bi Kalolaine ilikuwa na mistari iliyopinda, mitatu mitatu, imefuatana. Ilitoka kwa mama yake, aliyeipata kwa mama yake naye, wa visiwa vya mbali. Wanawake wa Fangakava waliiita chapa ya mawimbi kwa sababu ndivyo ilivyoonekana.

Likizo iliyotangulia, wakati wanawake wamekaa pande mbili za ubao mrefu wakibandika magome kwa gundi ya mhogo, Melenaite naye aliketi kumsaidia bibi yake. Akasema tu kwa kupitisha maneno, "Bibi, haya mawimbi yako yatamaliza rangi yote."

Bi Kalolaine hakuinua kichwa. "Si mawimbi."

"Ni nini basi?"

"Mikono ina kazi sasa. Njoo Jumapili. Jumapili mikono imelala, mdomo unapata nafasi."

Jumapili ile likizo ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo alipopewa kazi na Mwalimu Paea, Melenaite aliruka kwa furaha, akapiga simu kijijini. Bibi alifurahi kuliko yeye. Tangu azae watoto watano wa kiume na binti mmoja asiyekuwa na subira ya kukaa, hakuwahi kupata mtu wa kumwambia habari ile. "Njoo na hiyo simu yako inayoshika sauti," alisema. "Nitasema taratibu."

Sasa, Jumapili kwetu basi halitembei. Hakuna kinachotembea isipokuwa watu kwenda kanisani na kurudi. Anayetaka kuwa Fangakava Jumapili inabidi apande basi Jumamosi na arudi Jumatatu. Na mwaka ule, Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mazoezi ya ngoma ya kutimiza miaka ya chuo, na Melenaite alikuwa amewekwa mstari wa mbele. Nani anauacha mstari wa mbele? Jumapili ya kwanza alipiga simu kuomba radhi. Ya pili alipiga tena. Ya tatu alituma ujumbe kwa binamu, ampe bibi salamu.

Huku kijijini, na haya alikuja kuyasikia baadaye, kila Jumapili Bi Kalolaine alirudi kutoka kanisani, hakuvua gauni lake jeupe. Alijipaka mafuta ya nazi yenye maua, akaitoa chapa kwenye mfuko wake wa mkeka, akaketi kizingitini ikiwa mapajani. Majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo aliyafunika kwa sahani ya pili. Watu wakilala usingizi wa mchana, yeye alikaa. Shangazi Veisinia, yule binti yake wa pekee, alimwambia, "Mama, ingia ndani ulale. Mtoto ana masomo." Akajibu, "Akija akinikuta nimelala, ataona haya kuniamsha."

Siku ya kupeleka kazi ilipokuwa kesho yake, Melenaite alikaa na kompyuta mchana kweupe, miguu ikimuuma kwa ngoma. Aliieleza akili mnemba juu ya ile chapa, mistari mitatu mitatu iliyopinda, akaitaka iandike alivyosema bibi.

Mashine, kusema haki, haikumdanganya. Ilimwuliza kama ana maneno ya bibi mwenyewe. Ilisema chapa ya nyumba yao haiijui, na kwamba ikiandika itakuwa inabuni.

"Buni tu," aliandika Melenaite.

Ikabuni, tena vizuri. Ilisema mistari ile ni mawimbi matatu yaliyomleta mama wa kwanza wa ukoo kwenye mtumbwi: wimbi la kuondoka, wimbi la kulia na wimbi la kufika. Iliweka maneno hayo kinywani mwa bibi mzee, yakakaa. Losaline aliyasoma akafuta machozi. Juu kabisa mashine ilikuwa imeandika mstari mmoja: kwamba haya ni mfano wa kubuni, si ushuhuda wa mtu. Katika kazi nzima huo ndio uliokuwa mstari wa kweli, na ndio Melenaite alioufuta.

Alijua si mawimbi. Hilo halikumpita. Alijiambia kwamba ngoma ikiisha atakwenda Fangakava, atamsikiliza bibi, atairekebisha kazi na kumpelekea mwalimu upya. Mtu akitaka kujidanganya hakosi kalenda.

Kazi yake ilikuwa ya kwanza darasani. Mwalimu Paea aliisoma kwa sauti, akauliza, "Sauti ya bibi unayo? Tuiweke maktaba."

"Simu ilijaa, mwalimu. Ikajifuta."

"Hasara gani hiyo," alisema Mwalimu Paea, na alisikitika kweli, maskini. Kisha chuo kikaiweka ile kazi kwenye ukurasa wake, ulimwengu mzima usome.

Ulimwengu mzima haukuwa na habari. Aliyekuwa na habari ni Shangazi Veisinia. Binamu mmoja alimwonyesha kwenye simu, na shangazi akapiga simu mjini. "Jumamosi unapanda basi," alisema. "Jumapili baada ya ibada utaisoma mbele ya watu. Nimeshachinja nguruwe."

Shangazi akishachinja nguruwe, mjadala umefungwa. Mazoezi ya ngoma yaliyokuwa hayaachiki yakaachika.

Jumapili ile watu walikula hadi wakalegeza mikeka yao, ile tunayojifunga viunoni kwa heshima. Mchungaji alikuwepo. Melenaite alisimama, akasoma. Alisoma vizuri, ndiyo ubaya wake, sauti haikumsaliti hata mahali pamoja. Wimbi la kuondoka, wimbi la kulia, wimbi la kufika. Akina mama walianza kulia waziwazi. Bi Kalolaine alikuwa amekaa mbele, gauni jeupe, mikono mapajani, macho kwa mjukuu wake, hapepesi.

Alipomaliza, Shangazi Veisinia akajifuta pua, akamgeukia mama yake kwa sauti ya kumsikilizisha kila mtu. "Mama! Miaka yote hiyo hukutuambia sisi, ukamwambia huyu! Ndivyo ilivyo, mama? Ndivyo?"

Kila mtu akamtazama bibi. Melenaite aliikunja karatasi yake. Aliomba, na hakujua anaomba nini.

Bi Kalolaine hakumwondolea mjukuu wake macho. Kisha akasema, "Ndivyo."

Watu wakapiga makofi, mchungaji akaomba dua, nguruwe akamaliziwa.

Jioni, jua bado liko juu ya minazi, Melenaite alimpelekea bibi maji ya kunawa nyuma ya nyumba. Walikuwa wawili tu. Bibi alinawa taratibu, kidole kwa kidole, akajikausha kwa upindo wa gauni.

"Maneno mazuri," alisema. "Nani kasema?"

Melenaite akafikiria kusema uongo wa tatu. Akauacha. "Mashine, bibi. Ile ya kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa na mazoezi, na siku zikanibana, nikasema nitakuja halafu..."

"Mashine." Bibi alilitafuna neno. "Ina mama?"

"Haina, bibi."

"Basi chapa ya mama yake ingeijuaje?"

"Haijui. Ilibuni. Mimi ndiye niliyeiambia ibuni." Alipiga magoti pale kwenye matope ya maji ya kunawia. "Bibi, kwa nini ulisema ndivyo? Ungesema tu ni uongo."

"Mbele ya mchungaji? Mbele ya shangazi yako, na nguruwe wake?" Bi Kalolaine akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Nilikutazama umesimama pale, mguu unatetemeka chini ya gauni. Ningesema sivyo, ungeishi wapi tena hapa kijijini? Mimi mzee, kauli moja ya uongo nitakwenda nayo, Mungu atanisamehe. Wewe bado mdogo."

"Niambie sasa, bibi. Niambie sasa hivi, simu hii hapa."

"Sasa sikwambii."

"Bibi, tafadhali."

"Sasa nina hasira na wewe, Melenaite." Hakupandisha sauti. "Nilikaa mlangoni pale Jumapili baada ya Jumapili, chakula kinapoa. Mama yangu aliniambia habari ile akiwa ananisuka nywele, taratibu, anacheka. Sitaitoa kwa kinywa cha hasira. Njoo Jumapili ijayo. Itakuwa imenitoka."

Melenaite alirudi mjini Jumatatu, akamwambia kiongozi wa ngoma atafute mtu mwingine wa mstari wa mbele. Kiongozi alifoka, Losaline alimwita mwendawazimu, hakujali. Alinunua kopo la nyama ile bibi anayoipenda. Alisafisha simu yote, picha za ngoma, nyimbo, kila kitu, ibaki nafasi ya sauti ya bibi kwa siku nzima akitaka. Aliandika maswali yake mwenyewe, na hata akaiuliza akili mnemba ni maswali gani mengine mtu humwuliza mzee juu ya kitu cha urithi, ikampa mazuri tu, ya heshima. Hivyo ndivyo alivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Ijumaa begi lilikuwa mlangoni.

Simu ya Shangazi Veisinia ililia Ijumaa hiyo hiyo. Bibi alikuwa anafagia uwanja. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, na hakuinuka.

Wasemao majuto ni mjukuu hawajui walivyomsema Melenaite. Alipanda basi lile lile, na begi lile lile, na nyama ya kopo ndani. Alipofika alivishwa mkeka mkubwa wa msiba, ule mchakavu unaofika hadi kifuani, akaketi karibu na miguu ya bibi. Chapa ilikuwa imewekwa juu ya jeneza. Aliitazama mistari ile mitatu mitatu kutwa nzima. Haikumwambia kitu.

Kabla ya kwenda makaburini Shangazi Veisinia akamjia. "Umekuja na ile karatasi? Utaisoma tena, kaburini. Watu wa visiwani wamekuja, hawakuisikia."

"Shangazi, siwezi."

"Kulia utalia baadaye. Soma kwanza."

"Si kulia, shangazi. Yale maneno si ya bibi. Nilitunga. Mashine ilitunga. Bibi aliniambia mwenyewe si mawimbi."

Shangazi Veisinia alikaza mkeka wake kiunoni. Macho yake yalikuwa mekundu tangu Ijumaa. "Mama yangu alisema ndivyo," alisema polepole. "Alisema mbele ya mchungaji na kijiji kizima, neno lake la mwisho mbele ya watu. Leo nimemlaza pale, unataka nisimame niwaambie watu alikuwa mwongo?"

"Hapana, shangazi."

"Basi soma."

Akasoma. Upepo ulikuwa mkali, akalazimika kupaza sauti, kwa hiyo wale wa visiwani wote walisikia. Wimbi la kuondoka, wimbi la kulia, wimbi la kufika. Mchanga mweupe ukamwagwa, na ikawa imekwisha.

Nilisema amebanwa kati ya wawili hao. Mjomba wa kweli, ukienda kumchota, anakupa kilicho chake. Kiazi chake, kuku wake. Yule mjomba wa Melenaite alimpa asichokuwa nacho, akamwambia kwamba hana, na mtoto akachukua hivyo hivyo. Sina haja ya kumtetea. Lakini nimekaa na watu wengi waliofanya makubwa zaidi na wakalala usingizi, na huyu halali.

Alifanya aliyoweza. Alikwenda kwa Mwalimu Paea akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza, akavua miwani, hakuivaa tena hadi mwisho. "Ungeniletea karatasi tupu," alisema, "ningekupa muda. Hata mwezi ningekupa." Kazi ikafutwa, akarudia somo, na ule ukurasa ukaondolewa. Lakini ulikuwa umeshanukuliwa hapa na pale, na watu waliorudi visiwani walikuwa wameshaondoka na mawimbi matatu vinywani. Alikwenda kwa vikongwe wote aliosikia wana damu na mama yake Bi Kalolaine. Alipanda meli akatapika hadi visiwa vya mbali. Kila alipofika aliweka simu mkekani, akasubiri taratibu, hakuharakisha mtu. Wengine walisema hawajui. Mmoja aliangaza uso, akamshika mkono, akasema, "Najua, mwanangu, najua! Ni wimbi la kuondoka..." Melenaite akamwacha amalize, kwa adabu.

Fangakava yenyewe ilishakataa zamani. Akiwaambia si mawimbi, wanamwonea huruma. Msiba umemvuruga, wanasema, na bibi mwenyewe alithibitisha. Watoto wa shule wameyatungia wimbo, na wana ishara za mikono za kuonyesha kila wimbi.

Basi mwaka jana akaja Sulieti, binti wa kaka yake Melenaite, anayesoma chuo Auckland. Alikuja kwa ajili ya harusi ya binamu, na ngatu ikakunjuliwa, na shangazi yake akainuka kwenda kutazama chakula. Sulieti akamfuata hadi jikoni, simu mkononi.

"Shangazi, hujambo huku? Chakula kipo salama?"

"Usinitanie, wewe."

"Nina kazi ya chuo. Tumeambiwa tuandike juu ya kitu cha nyumbani, nami nimechagua chapa ya bibi mkubwa. Nimeiuliza akili mnemba, tazama ilivyonijibu! Tena imetaja jina." Akasoma kwa Kiingereza chake cha kule, kisha akageuza maneno: "Kama alivyosimulia Kalolaine wa Fangakava, mistari hii ni mawimbi matatu yaliyomleta mama wa ukoo. 'La kwanza la kuondoka,' alisema bibi huyo. Shangazi, inamjua bibi mkubwa!"

Melenaite alikaa juu ya gunia la magimbi. Mara hii haikuwa imeweka mstari wowote juu wa kusema inabuni. Ingewekaje? Ilikuwa imesoma nakala za kazi yake, na mstari ule yeye ndiye aliyeufuta.

"Si mawimbi," alisema.

Sulieti hakubisha hata kwa jicho. Alizaliwa ng'ambo, lakini shangazi ni shangazi. Alifuta pale pale alichokuwa amenakili, akakaa chini sakafuni miguuni pake, dole gumba tayari juu ya simu.

"Ni nini basi, shangazi?"

Na hapo Melenaite akaona kitu ambacho hakuwa amekifikiria. Tangu bibi afariki hakuna aliyemwamini, na sasa amekaa mbele ya mtu ambaye ataamini lolote atakalotamka. Angeweza kusema ni mianya ya miamba. Angeweza kusema ni nywele, misuko mitatu, mama akimsuka binti yake taratibu na kucheka. Hilo aliliwaza mara nyingi kitandani, na lilikuwa zuri kuliko mawimbi, na pengine lilikuwa kweli. Sulieti angeliandika. Kesho dunia ingelijua. Mdomo wake ulifunguka.

Nje watu walikuwa wanashangilia ngatu.

"Sijui," alisema.

"Hujui kabisa?"

"Bibi yangu aliniita nije anisimulie, sikuja. Akanisubiri mlangoni, sikuja. Nilipokuja alikuwa na hasira, na hasira ilipomtoka alikuwa hayupo. Nikawapa watu maneno ya mashine nikasema ni yake." Alizungumza bila kulia, alikuwa ameshalimaliza hilo. "Yeye alisema 'si mawimbi'. Hayo ndiyo maneno yake yote niliyo nayo. Andika hayo, na uandike nani kasema, na nani hakuja kusikiliza. Jina langu liandike lote."

Sulieti aliandika. Ilikuwa fupi sana. Aliisoma tena, akainua uso, na kwa heshima zote akauliza aongeze nini, maana mwalimu wake anataka kurasa tano.

"Usiongeze," alisema Melenaite.